Mashine ya Kukereza na Meza Inayoibeba

Mazungumzo haya yanahusu mashine ya kukereza chuma, ile ambayo mafundi wengi huiita lethi, na yanamlenga mtu anayekusudia kuiweka nyumbani, katika chumba cha uani au banda lililojengwa nyuma ya nyumba, ili akereze bushi za pikipiki, shafti za mashine za kusaga nafaka, puli za pampu za maji na vipuri vingine ambavyo ama havipatikani dukani ama bei yake haishikiki. Mtu wa namna hiyo kwa kawaida hulinganisha kwa muda mrefu ukubwa, bei na nchi ilikotengenezwa mashine, kisha meza ya kuibeba huifikiria siku mashine inapofika. Utaratibu huo unagharimu, kwa sababu usahihi wa mashine ndogo hutegemea sana jinsi ilivyokalishwa, na mashine nzuri iliyofungwa juu ya meza dhaifu hutoa kazi mbovu kuliko mashine ya wastani iliyokaa sawasawa.

Yafaa kwanza sehemu za mashine zitajwe kwa majina yatakayotumika. Kitanda ni boriti nzito ya chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa ndani ya kalibu, ambayo juu yake huchongwa reli zilizonyooka. Upande wa kushoto wa kitanda hukaa kichwa, kinachobeba mhimili unaozungusha kazi, na kwenye ncha ya mhimili huo hufungwa kishikio chenye taya tatu au nne. Upande wa kulia hukaa mkia, ambao huegemeza ncha ya pili ya kazi ndefu na kubeba biti wakati wa kutoboa. Kati ya kichwa na mkia husafiri kigari, kinachobeba kisu na kukisogeza sambamba na reli au kukiingiza kuelekea katikati ya kazi. Mpangilio huu wa kisu kilichofungwa kwenye kigari badala ya kushikwa kwa mkono, ukisaidiwa na skrubu ndefu ya kuongoza pamoja na gia za kubadilisha, ulikamilishwa na Mwingereza Henry Maudslay mjini London karibu na mwaka 1800, katika mashine ya chuma ambayo imehifadhiwa hadi leo katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi la mji huo, na mashine ndogo zinazouzwa sasa kwa matumizi ya nyumbani bado zinaufuata.

Anayeelewa makosa ya mashine yanatoka upande gani atachagua vizuri na kujenga vizuri. Tuseme kazi iliyofungwa ina kipenyo cha milimita 25 na kisu kimewekwa kwenye kimo cha katikati yake. Kisu kikishuka wima kwa 0.1 mm, labda kwa sababu reli zimelika, kipenyo kitakachokatwa kitaongezeka kwa chini ya 0.001 mm, kiasi ambacho hakuna fundi wa nyumbani atakayekipima. Kisu hicho hicho kikisogea 0.1 mm kwa mlalo, kuelekea kwenye kazi au kuondoka kwake, kipenyo kitabadilika kwa 0.2 mm, yaani kosa lililo kubwa mara 250 kuliko lile la kwanza. Kwa hiyo adui wa usahihi ni chochote kinachosogeza kisu kwa mlalo, na katika karakana ya nyumbani chanzo kikuu cha mwendo huo ni kitanda kusokotoka, kama nguo inayokamuliwa maji, pale nyayo za mashine zinapokazwa kwa boliti juu ya meza isiyo tambarare. Hesabu yake si ngumu: kitanda chenye upana wa milimita 120 kikiinuliwa kwenye ukingo mmoja wa ncha ya kulia kwa 0.04 mm tu, na kisu kikiwa kwenye kimo cha milimita 90 juu ya reli, kisu kitasogea kwa mlalo 0.03 mm na kipenyo kitakosewa kwa 0.06 mm. Shafti ya kuvalishwa beringi namba 6205, ambayo tundu lake ni la milimita 25, mara nyingi huruhusiwa tofauti ya mikroni 13 tu kati ya kipimo cha chini na cha juu, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Kosa la mikroni 60, ambalo ni dogo kuliko unene wa karatasi ya kuandikia, linatosha kuifanya beringi ikwame upande mmoja wa shafti na ilegee upande wa pili.

Tukija kwenye uchaguzi wenyewe, ukubwa wa mashine hutajwa kwa vipimo viwili, yaani kipenyo cha kazi kubwa kabisa inayoweza kuzunguka juu ya kitanda, na urefu wa kazi inayoweza kukaa kati ya kichwa na mkia. Wanunuzi huvitazama sana vipimo hivyo na kuvisahau vingine viwili vyenye uzito uleule. Cha kwanza ni tundu la mhimili, kwa kuwa nondo au shafti isiyopenya ndani ya tundu hilo italazimika kukatwa vipande kabla ya kukerezwa, na fundi atapoteza chuma kwa kila kipande. Cha pili ni mwendo wa chini kabisa wa mhimili. Kisu cha chuma cha kasi, yaani aina ya chuma kigumu kinachovumilia joto la kukata bila kulainika, hukata chuma laini vizuri kwa mwendo wa karibu mita 30 kwa dakika kwenye uso wa kazi. Kwa shafti ya milimita 25 huo ni mwendo wa mizunguko 380 hivi kwa dakika, ambao kila mashine inao; lakini kwa puli ya milimita 150 ni mizunguko 64, na puli hiyo ikiwa ya chuma cha kusubu, kinachotaka mwendo wa polepole zaidi, mizunguko hushuka hadi karibu 40. Mashine isiyoweza kuzunguka polepole kwa nguvu itaunguza kisu au itasimama katikati ya kazi, hata kama karatasi ya muuzaji inasema puli ya ukubwa huo inaingia.

Hapo ndipo inapoonekana tofauti ya kweli kati ya makundi mawili yaliyo ndani ya uwezo wa watu wengi. Kundi la kwanza ni mashine ndogo mpya zinazotengenezwa China, zenye uwezo wa kuzungusha kazi ya milimita 180 na uzito wa takriban kilo 40, ambazo watu wawili huzibeba bila winchi. Nyingi huendeshwa na mota ya mkondo mnyoofu inayodhibitiwa na bodi ya elektroniki, na ingawa mwendo wake hurekebishwa kwa kuzungusha kitufe kimoja tu, nguvu hupungua kadiri mwendo unavyoshuka, na bodi ikiungua mashine husimama mpaka ipatikane nyingine. Kundi la pili ni mashine za zamani za Ulaya na Marekani zilizotengenezwa mahususi kwa karakana ndogo, kama vile Myford ML7, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1946 huko Beeston karibu na Nottingham nchini Uingereza, au zile za South Bend za jimbo la Indiana nchini Marekani, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906. Hizi huendeshwa kwa mikanda na puli za ngazi, na zina gia za nyuma, yaani jozi za gia zinazopunguza mwendo wa mhimili na papo hapo kuongeza nguvu yake, hivyo hukata puli kubwa ya chuma cha kusubu bila kuhangaika. Mtu ambaye kazi yake kubwa itakuwa bushi, pini na vipuri vidogo atatosheka na mashine ndogo mpya na atafaidika kwa urahisi wa kuihamisha. Anayekusudia kuhudumia mashine za kusaga na pampu afadhali asubiri apate ya zamani yenye gia za nyuma, mradi kitanda chake ni kizima.

Uzima wa kitanda ndio hukumu ya mwisho katika ununuzi wa mashine iliyotumika. Rangi iliyopasuka, mikanda iliyochoka, beringi za mota zinazolia na mchezo wa mzunguko mdogo kwenye mipini ya kigari ni mambo yanayorekebishika kwa fedha kidogo, na mchezo wa mipini hata hauhitaji kurekebishwa ikiwa fundi atazoea kukileta kisu kwenye kipimo kwa kuuzungusha mpini upande uleule kila mara. Kitanda kilicholika hakirekebishiki nyumbani, kwani hutaka kusagwa kwenye mashine kubwa au kukwanguliwa kwa mkono na fundi mwenye ujuzi adimu. Kukipima hakuhitaji vyombo. Kigari husogezwa karibu na kichwa, mahali ambapo kazi nyingi hufanyika na reli hulika zaidi, kisha skrubu za kukibana hukazwa mpaka kiteleze kwa uzito kidogo, halafu kinasukumwa taratibu kuelekea mkia. Kikiendelea kwa uzito uleule, kitanda kimelika kwa usawa au hakijalika. Kikikwama kabla ya kufika kwenye mkia, reli za upande wa kichwa zimepungua, na mahali kinapokwama panaonyesha ni kwa kiasi gani. Baada ya hapo kipande cha mbao hutumika kuuinua mhimili kutoka chini ya kishikio huku geji ya mshale, yaani kipimo kinachosoma sehemu za mia za milimita, ikiwa imeegemezwa juu yake. Kwa mashine kama ML7, ambayo mhimili wake huzunguka ndani ya beringi za kuteleza zisizo na gololi, mchezo wa sehemu mbili au tatu za mia ni wa kawaida na unaweza kupunguzwa kwa kuondoa bati jembamba lililo chini ya kifuniko cha beringi, lakini beringi iliyochunika kwa kukosa oili ni gharama kubwa.

Mnunuzi wa Afrika Mashariki ana jambo lingine la kuuliza, nalo ni kama skrubu ya kuongoza ni ya inchi au ya milimita. Mashine nyingi za Kiingereza na Kimarekani zina skrubu yenye nyuzi 8 kwa inchi, ilhali boliti za pikipiki na magari yanayotengenezwa Japani, India na China ni za milimita. Tatizo hilo lina dawa kamili: kwa vile inchi moja ni milimita 25.4 barabara, gia yenye meno 127 huunganisha mifumo hiyo miwili bila kosa lolote, na boliti ya M8, ambayo umbali kati ya uzi na uzi ni 1.25 mm, hukatwa kwa uwiano wa gia wa 50 kwa 127. Masharti yake ni kwamba nati inayoshika skrubu ya kuongoza isifunguliwe mpaka nyuzi zikamilike, hivyo baada ya kila mkato mashine hurudishwa nyuma kwa kuzungushwa kinyume. Kwenye mashine ambayo kishikio chake kimefungwa kwa kuviringishwa kwenye ncha ya mhimili, mzunguko huo wa kinyume ufanywe polepole mno, kwa kuwa kishikio kinaweza kufunguka na kuanguka. Muuzaji asiye na gia ya meno 127 anauza mashine pungufu, na bei ipunguzwe ipasavyo.

Kuhusu umeme inatosha kusema kwamba nyumba nyingi zina fezi moja ya volti 230 au 240, wakati mashine nyingi zilizotoka viwandani zina mota ya fezi tatu. Mota hiyo hubadilishwa kwa ya fezi moja, au hupewa inveta, kifaa kinachopokea fezi moja na kutoa tatu, ambacho pia hubadili mwendo wa mota kwa kubadili masafa ya umeme. Mashine iliyotoka Marekani na mota ya volti 115 na masafa ya hezi 60 isichomekwe kabla ya kumwona fundi umeme.

Sasa meza. Kimo chake huanzia kwenye mwili wa atakayeitumia, kwa kuwa mhimili unapaswa kuwa karibu na kimo cha kiwiko chake akiwa amesimama na mkono umekunjwa. Mtu ambaye kiwiko chake kiko sentimita 105 kutoka sakafuni, na mashine yake ina sentimita 20 kutoka nyayo hadi katikati ya mhimili, akiongeza sentimita 5 za vipandio vitakavyoelezwa baadaye, atahitaji meza ya sentimita 80. Meza fupi kuliko hapo humwinamisha fundi kutwa nzima, na mgongo wake utaanza kudai kabla ya kazi kukamilika.

Fremu hujengwa vizuri kwa bomba la mraba la milimita 50 lenye unene wa milimita 3, au kwa chuma cha pembe kizito, huku miguu ikitanuliwa kidogo chini ili meza isipinduke kirahisi. Miguu minne iliyounganishwa juu na chini kwa vipande vya mlalo peke yake huyumba, hata chuma kiwe kinene namna gani, kwa sababu umbo la pembe nne hubadilika pembe zake zinaposukumwa. Kipande cha mshazari kinacholigawa kuwa pembetatu, au bati la milimita 2 lililochomelewa upande mzima, huondoa myumbo huo kwa gharama ndogo. Fundi wa kuchomelea aelezwe mapema kwamba fremu ishikizwe kwanza kwa vidoti kwenye pembe zote, kisha vichomelewe vipande vifupi kwa kupokezana pande, kwani chuma kinapopoa hujikunja na kuvuta upande uliochomelewa, na fremu iliyochomelewa upande mmoja hadi mwisho hutoka imejipinda. Hata ikichomelewa kwa uangalifu wote haitakuwa tambarare kwa kiwango kinachohitajiwa na mashine, na si lazima iwe hivyo, maadamu nyayo za mashine zitakuwa na njia ya kurekebishwa.

Sehemu ya juu ya meza inastahili kufikiriwa kuliko sehemu nyingine yoyote. Bamba la chuma la milimita 10 au 12 linafaa, lakini ni ghali na hulia kwa mtetemo. Mtetemo ndio huacha mawimbi madogo juu ya kazi iliyokerezwa, pale kisu, kazi na mashine vinapotikisana kwa mpigo mmoja. Zege humeza mtetemo vizuri zaidi, na vifaa vyake vipo kila mahali. Bamba la zege lenye urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 45 na unene wa sentimita 8 huwa na uzito wa zaidi kidogo ya kilo 100, na uzito huo chini ya mashine ndogo ya kilo 40 huibadilisha tabia kabisa. Humiminwa ndani ya kalibu ya mbao iliyowekwa juu ya fremu, kwa sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na tatu za kokoto ndogo, pamoja na wavu wa nondo za milimita 8 katikati. Boliti ndefu za M12 husimamishwa mahali pa nyayo kabla zege halijamiminwa, zikishikiliwa na ubao uliotobolewa kwa kufuata matundu ya mashine yenyewe. Zege hilo lifunikwe na kumwagiwa maji kwa siku 7, na mashine isipandishwe kabla ya siku 28, muda ambao kwa kawaida zege hufikia nguvu yake iliyokusudiwa. Likikauka lipakwe rangi, kwa sababu oili hupenya ndani ya zege tupu na kulidhoofisha, kisha juu yake hulazwa sinia la bati lililokunjwa kingo ili kukusanya oili na vipande vya chuma.

Vipandio vilivyotajwa hapo juu ni mpango rahisi ambao kampuni ya Myford nayo iliuuza pamoja na mashine zake: kila unyayo hukaa kati ya nati mbili, moja chini na nyingine juu, hivyo ukiilegeza ya juu na kuizungusha ya chini, unyayo huinuka au kushuka. Uzi wa boliti ya M12 hupanda 1.75 mm kwa mzunguko mmoja, na spana ikisogezwa kwa nyuzi 5 tu za pembe unyayo huhama kwa takriban 0.024 mm. Kwa hiyo marekebisho ya mwisho huwa ni mguso wa spana, si robo ya mzunguko.

Watu wengi huamini kwamba mashine lazima ilale sawa na maji. Karakana za meli zina mashine za kukereza zinazofanya kazi baharini huku meli ikiyumba, na hilo linaonyesha kwamba kinachotakiwa ni kitanda kisichosokotoka, hata kama kimeinama. Pimamaji hutumika kulinganisha ncha mbili za kitanda, ili mwinamo wa upande wa kichwa uwe sawa na wa upande wa mkia, na inayofaa ni ile ya mafundi mitambo inayoonyesha tofauti ya 0.02 mm kwa mita; pimamaji ya fundi mwashi haioni tofauti ndogo kiasi hicho. Asiyekuwa nayo anaweza kuiuliza mashine yenyewe. Nondo nene ya chuma, ya milimita 25 au zaidi, hufungwa kwenye kishikio ikitokeza milimita 150 bila kuegemezwa na mkia, na katikati yake hupunguzwa ili zibaki pete mbili, moja karibu na kishikio na nyingine kwenye ncha. Pete zote mbili hukatwa kwa mkato mwembamba sana bila kugusa mpini wa kuingizia kisu, kisha hupimwa kwa mikromita. Pete ya ncha ikiwa nene kuliko ya karibu, kisu kilikuwa mbali zaidi na kazi kilipokuwa kule, hivyo unyayo wa mbele wa upande wa mkia, yaani ule ulio upande wa fundi, huinuliwa kidogo ili kitanda kiegemee nyuma na kisu kisogee kwenye kazi. Ikiwa nyembamba, unyayo huo hushushwa. Jaribio hurudiwa mpaka tofauti ya pete mbili ishuke chini ya 0.01 mm, na kila mara nati za juu zikazwe kabla ya kukata, kwa kuwa kukaza kwenyewe huhamisha kitanda.

Meza ya zege juu ya fremu ya chuma hujaribiwa tena baada ya mwezi mmoja au miwili, zege linapokuwa limeendelea kukauka na kusinyaa, na baadaye kila mashine inapohamishwa. Aliyechagua meza ya mbao, hata iwe ya mninga mkavu, ana kazi zaidi, kwa sababu mbao hunyonya unyevu na kuvimba, hasa Dar es Salaam, Mombasa na miji mingine ya pwani, ambako hewa yenye chumvi pia hushika reli kwa kutu zikiachwa bila oili usiku mmoja wa masika. Kwake jaribio la pete mbili lirudiwe masika yanapoanza na kiangazi kinapoingia, kabla ya kupokea kazi yoyote ya beringi.